Ngome ya Ng'ombe Ukingoni mwa Jiji

Anayetoka Keringet kwa matatu kupitia Molo, akifika Nakuru na kushika njia ya Nairobi, hupita karibu na kilima chenye miamba, ambacho zamani kilikuwa na pimbi wengi. Ndicho Hyrax Hill. Jiji limekizunguka kwa nyumba na barabara, lakini ubavuni mwake bado kuna mabonde madogo ya mviringo, kama mabakuli yaliyoota nyasi. Mgeni hudhani ni machimbo yaliyoachwa. Kumbe ni ngome.

Mwanaakiolojia Louis Leakey alikitambua kilima hicho mwaka 1926, na mkewe Mary akaanza kukichimba mwaka 1937. Mashimo hayo aliyachukulia kuwa nyumba za watu. Baadaye mwanaakiolojia John Sutton akaonyesha vinginevyo: yalikuwa mazizi. Watu walilala ndani ya nyumba zilizojengwa pembeni, milango yao ikitazama mifugo.

Ushahidi uko mbele ya lango. Shimo lilichimbwa kwenye mteremko, lango likielekea chini. Kila lilipojaa tope na samadi, wenyewe waliyazoa na kuyamwaga nje, hadi yakawa tuta kubwa. Ukisimama ukingoni leo, tuta hilo unaliona bado.

Wenye mazizi hayo huitwa Wasirikwa, nao walifuga katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya kati ya mwaka 1200 na 1700 hivi. Utajiri wao ulikuwa ng'ombe, na adui alikuwa mwizi wa usiku. Ndiyo maana wakayazamisha mazizi ardhini, wakayazungushia ua na kuacha mlango mmoja mwembamba.

Ngome za kale mara nyingi humezwa na miji. Kule York, Uingereza, jeshi la Roma lilijenga ngome ya askari mnamo mwaka 71 BK. Mabaki yake yalionekana chini ya kanisa kuu msingi ulipokuwa ukiimarishwa, kuanzia 1967. Mji ulikuwa umefunika sehemu yake kubwa.

Hyrax Hill kimenusurika kwa sababu kilitangazwa eneo la kumbukumbu ya kitaifa mwaka 1943, na makumbusho yakafunguliwa hapo mwaka 1965, miaka mingi kabla Nakuru haijapewa hadhi ya jiji mwaka 2021. Mashimo mengine mengi yako kwenye mashamba ya watu, na plau imeshasawazisha baadhi yake. Mkulima mwenye bonde la mviringo shambani, lenye tuta upande wa chini, aipigie simu Makumbusho ya Taifa kabla ya kuita trekta.