Usilipishwe Difu Usiyo Nayo

Golf GTI ya toleo la saba, ukikanyaga mafuta kwenye kona na gurudumu la ndani likazunguka bure, mafundi wengine husema difu imekufa. Mimi huuliza kwanza: ipi? GTI ya kawaida haina difu maalumu. Ina programu tu inayolishika breki gurudumu la ndani. Yenye Performance Pack ndiyo iliyo na klachi ya oili na pampu ya umeme, ikiamriwa na kompyuta.

Ukishajua, tia gari mashine usome na kodi za breki pia. Sensa ya mwendo wa gurudumu ikiharibika, kompyuta yaweza kuizima difu iliyo nzima. Tairi za mbele nazo ziwe sawa kwa ukubwa na uchakavu.

Kisha oili. Ya klachi hii si ile ya giaboksi, hubadilishwa kila miaka 3, na muuza gari la mtumba hakwambii. Isipobadilishwa, uchafu wa klachi huziba chujio la pampu. Lisafishwe, itiwe oili mpya. Kodi ikirudi, pimeni umeme wa pampu kabla ya mtu kugusa giaboksi.