Miwani ya Kuogelea: Kati ya Kioo na Jicho

Kando ya mabwawa ambapo wanafunzi hufunzwa kuogelea kwa zamu, jambo moja huonekana kila mara. Mwogeleaji huibuka, huivua miwani iliyoingia ukungu, huipangusa ndani kwa kidole gumba au huitemea mate, kisha humkabidhi mwenziwe anayesubiri. Tendo hilo huiharibu miwani, na huenda likalidhuru jicho.

Ukungu huo ni mvuke utokao usoni, ambao hugeuka matone madogo unapokutana na kioo kilichopozwa na maji. Miwani nyingi hupakwa upande wa ndani utando mwembamba unaoyafanya maji yatandae badala ya kukaa matone matone. Utando huo haustahimili kusuguliwa. Kidole, taulo na pindo la fulana huukwangua, kisha mwenye miwani hulalamika kwamba aliuziwa bidhaa hafifu.

Matunzo yenyewe ni mepesi. Baada ya kuogelea, miwani husuuzwa kwa maji safi yasiyo ya moto ili kuondoa klorini au chumvi, hukung'utwa, kisha huachwa ikauke kivulini. Kuifungia mfukoni ikiwa mbichi ni kuialika kuvu. Kuiacha juani ndani ya gari ni kuidhoofisha mipira yake. Wavaao lenzi za machoni wanapaswa kuzivua kabla ya kuingia majini, kwa kuwa amiba aitwaye akantamiba, awezaye kuozesha konea, huishi hata katika maji ya bomba.

Zito zaidi ni kuazimana. Ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam na mikoa mingine mnamo Januari 2024, wananchi walihimizwa kunawa mikono na kutoyashika macho. Miwani ya kuogelea hukaa palepale machozi na tongotongo zitokapo. Virusi vya adeno, mojawapo ya visababishi vikuu vya maradhi ya namna hiyo, huweza kudumu juu ya plastiki kwa siku kadhaa, na kusuuza kwa maji matupu hakuviondoi vyote.

Hapa ndipo shauri la muuzaji na la tabibu hutengana. Muuzaji huonya kwamba sabuni itauondoa utando, na hakosei. Lakini miwani iliyovaliwa na mwenye macho mekundu yafaa ioshwe kwa sabuni ndani na nje, pamoja na mkanda wake, au itupwe. Dawa ya kuzuia ukungu hununuliwa na kupakwa upya. Konea yenye kovu haipakwi.

Shule yenye miwani michache kuliko watoto ni heri iwafunze wengine bila miwani kuliko kuizungusha. Mtoto ambaye macho yamemwekundika hukaa nje ya bwawa hadi apone. Akihisi maumivu makali, akiogopa mwanga au akiona kwa ukungu, apelekwe kliniki ya macho siku hiyohiyo.