Chuo Kinapojengwa Unguja, Nani Hubeba Usumbufu?

Kisiwa cha Unguja kimeingia katika zama ambazo vyuo vikuu vinajengwa, vinapanuliwa na kuhamishwa kwa kasi ambayo wazee wetu hawakuijua. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kufundisha mwaka 2001, leo kina kampasi Vuga katika Mji Mkongwe, Beit el Ras, Tunguu na kwingineko. Mwaka 2016 taasisi za umma za Chwaka, Maruhubi na Mbweni ziliunganishwa nacho. Novemba 2023, Rais Hussein Ali Mwinyi alizindua huko Bweleo kampasi ya Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras, ya kwanza ya taasisi hizo kufunguliwa nje ya India.

Haya ni mambo ya kumshukuru Mungu. Hata hivyo, kila jengo kubwa la chuo hutanguliwa na kipindi kirefu cha vumbi, kelele, malori na njia zilizofungwa. Makala haya yanatazama jinsi usumbufu huo unavyopangwa, na nani huachiwa kuubeba. Sehemu kubwa ya jibu huamuliwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Kazi ikishaanza, mara nyingi kinachobaki ni kuombana radhi.

Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 6, kinasimulia kwamba mawe ya Hekalu la Solomoni yalichongwa na kumalizwa huko huko yalikochimbwa, kiasi kwamba mahali pa ujenzi palikuwa kimya, bila sauti ya chombo cha chuma. Tumezoea kuona humo heshima kwa mahali patakatifu, na ni sawa. Lakini fundi yeyote atauona humo pia mpango wa kazi uliofikiriwa vizuri: sehemu yenye makelele ifanyike mbali, kisha vipande vije vikiwa tayari kupangwa. Hadi leo, mkandarasi anayefyatua matofali na kukata vyuma nje ya eneo la chuo anafuata busara ile ile. Ila kelele ile haikufutika. Ilihamia machimboni, na sura ya 5 ya kitabu hicho hicho inatueleza kwamba waliopelekwa kazini walikuwa watu wa shokoa. Kuhamisha usumbufu ni jambo moja. Kuuliza umehamia kwa nani ni jambo jingine, na mara nyingi ndilo linalosahauliwa.

Katika Mji Mkongwe, hatari ya ujenzi si ya masikio peke yake. Nyumba nyingi pale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zikibebwa na boriti za mikoko, na nyingi zimeegemeana ukuta kwa ukuta. Mtikisiko wa mashine katika jengo moja huwa habari ya jirani. Siku ya Noeli, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Mji wote umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na ipo mamlaka maalumu ya kuuhifadhi na kuuendeleza. Kwa hiyo taasisi ya elimu inayotaka kupanua madarasa ndani ya mji huu haina uhuru wa kuchimba itakavyo, na hilo ni jema.

Ndiyo maana upanuzi mkubwa umeelekea mashamba, Tunguu na Bweleo. Kwa upande wa masomo, huo ni uamuzi wa busara, kwa kuwa mwanafunzi anaendelea kufundishwa katika jengo la zamani huku jipya likiinuka mbali naye. Taasisi ya Madras nayo ilianza kufundisha katika majengo ya muda huko Bweleo wakati kampasi ya kudumu ikiwa bado katika mipango. Lakini tukumbuke machimbo ya Solomoni. Mwanafunzi anayeishi mjini sasa hulipa nauli ya daladala kila siku, na mwenye shamba hulala akiwaza hatima ya minazi yake.

Hapa pana jambo la Zanzibar ambalo wageni wengi, na hata baadhi ya wahandisi kutoka Bara, hawalijui. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya Serikali, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 ikasimama juu ya msingi huo. Miti, hata hivyo, inaweza kumilikiwa mbali na ardhi. Mtu anaweza asiwe na hati yoyote ya kiwanja, na bado mikarafuu, minazi au miembe iliyosimama hapo ikawa mali yake halali, pengine urithi wa bibi yake. Mpimaji anayetafuta hati tu hatamwona mtu huyo. Atakayemwona ni yule anayepita na sheha, akauliza mti mmoja mmoja ni wa nani, akaandika, akamsomea mwenyewe alichokiandika. Kazi hiyo ni ya polepole na inachosha. Kwa maoni ya mwandishi, ndiyo sehemu ya mradi inayostahili kupewa muda mrefu kuliko zote, kwa maana mnazi uliokatwa haurudishwi kwa barua.

Kisha kuna kalenda. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na shimo la msingi lililoachwa wazi wakati huo hugeuka dimbwi, na barabara ya udongo ikawa tope lisilopitika. Sehemu kubwa ya kusini na mashariki ya Unguja ni uwanda wa mwamba wa matumbawe, na kuuvunja ni kazi ya kelele nyingi. Ipangwe mbali na wiki za mitihani. Mwezi wa Ramadhani husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka, hivyo ratiba ya mwaka jana haifai mwaka huu. Katika kisiwa ambacho jirani zetu karibu wote ni Waislamu, mkandarasi anayesimamisha mashine saa ya futari na sala anajenga pia ujirani mwema. Sisi waamini wachache tunaofahamu thamani ya kuheshimiwa ibada yetu tunapaswa kuwa wa kwanza kulitetea hilo.

Pamoja na mipango yote, malalamiko yatakuja. Nehemia alikuwa katikati ya ujenzi wa ukuta wa Yerusalemu maskini walipomlilia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka. Sura ya 5 ya kitabu chake inaonyesha kwamba hakuwaambia wasubiri ukuta umalizike. Aliitisha mkutano, akawakabili wakubwa, akadai mashamba yarudishwe. Siku hizi jambo hili lina utaratibu wake: miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia chini ya mfumo wa mazingira na jamii ulioanza kutumika Oktoba 2018 inatakiwa kuwa na njia rasmi ya kupokea na kushughulikia malalamiko. Naye hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015, namba 183, alifundisha kwamba tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike tangu mwanzo, kwa uwazi, na kwamba wenyeji wa mahali wawe na nafasi ya pekee katika majadiliano. Zanzibar nayo ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015 na mamlaka yake, ZEMA.

Utaratibu ulioandikwa haumfikii mtu wenyewe. Kitabu cha malalamiko kinachokaa ndani ya uzio wa mabati, kinacholindwa na askari getini, hakitaandikwa na mama lishe aliyehamishwa kibanda wala na mwanafunzi asiyeona ambaye njia yake ya kwenda darasani imezibwa na kifusi. Jumuiya ndogondogo zilizo karibu na maeneo ya ujenzi zinaweza kusaidia: kuhudhuria mikutano ya shehia, kumsindikiza jirani asiyejua kusoma, na kudai mapema tangazo lenye saa za kazi, njia za malori, siku za kukatwa maji na umeme, na jina na simu ya afisa wa kupokea malalamiko. Tangazo hilo liwe kwa Kiswahili, na libandikwe ofisini kwa sheha kabla ya lori la kwanza kuingia.