Mchezo wa Mtoto na Mlango wa Hesabu

Wazazi wengi wa pwani yetu, wamwonapo mtoto wa miaka minne ameinama mchangani, akijaza mchanga katika kifuu na kuumwaga katika kopo, humwita kwa ukali: "Acha mchezo, njoo usome!" Maneno hayo hutoka katika mapenzi, wala hatuwalaumu kwa mapenzi yao. Lakini yatupasa tuulize, mtoto yule alikuwa akifanya nini? Alikuwa akipima. Pengine amekwisha kuona kwamba vifuu vitatu vyajaza kopo moja, na kwamba kopo refu jembamba laweza kuchukua mchanga ule ule uliojaa katika kopo fupi pana. Jambo hili la pili ni gumu kuliko lidhaniwavyo, na mwalimu hupata taabu kubwa kumfahamisha mtoto ambaye hakuachwa kuchezea mchanga.

Twaandika haya kwa kuwa hisabati ndilo somo liwaangushalo vijana wetu wengi katika mtihani wa kidato cha nne, na hofu ya hesabu haianzi katika kidato cha nne. Huanza siku ile mtoto alipowekwa mbele ya ubao, akaambiwa mbili na tatu ni tano, naye hajapata kushika komwe mbili kwa mkono mmoja na tatu kwa mkono wa pili. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Ni jambo jema. Lakini mtoto aingiapo darasa hilo amekwisha kuishi miaka kadhaa mikononi mwa mama na baba, nyanya na babu, na hesabu ya miaka hiyo tutaulizwa sisi.

Wapo watakaosema kwamba mchezo ni upuuzi usiopendeza katika nyumba ya Kiislamu. Ndugu hao wakumbuke kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wake katika nyumba ya Mtume (s.a.w.), na Mtume hakumkataza. Wakumbuke pia kisa cha mtoto Abu Umair na ndege wake mdogo, jinsi Mtume alivyomsemesha mtoto yule habari za ndege wake, kwa upole na mzaha. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihyaa kwamba mtoto atokapo chuoni apewe nafasi ya kucheza mchezo mwema, kwani kumzuia mchezo na kumlemea kwa masomo daima huufisha moyo wake na kuuzima werevu wake. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 700 kabla ya Mjerumani Froebel, ambaye mwaka 1837 alifungua shule yake ya watoto wadogo wajifunzao kwa vipande vya mbao na mipira.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya waliona watoto wao wanachelewa katika masomo ya dunia, nao hawakutaka kuwatoa katika malezi ya dini. Ombi lao lilifika kwa Aga Khan, na kwa msaada wa taasisi yake ukaanza Mombasa mpango wa madrasa za watoto wadogo, Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa waasisi wake na mwalimu wa walimu. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Watoto walisoma dini yao, na katika chumba kile kile walipanga makombe ya pwani kwa ukubwa, wakahesabu vifuniko vya chupa, wakapima maji kwa vifuu. Vifaa vingi vilikuwa vya kuokota tu. Mwaka 2008 wataalamu Mwaura, Sylva na Malmberg walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wa nchi hizo tatu: waliopata elimu ya awali waliwashinda wenzao waliobaki bila ya shule, na maendeleo ya wale wa madrasa yalizidi kuwa mema. Twapenda kulisisitiza hili kwa sababu wako wanaodhani kuwa chuo cha Kurani na hesabu ni mafahali wawili wasioweza kukaa zizi moja.

Sasa natuitazame Kiswere, katika ghuba yake baina ya Kilwa na Lindi. Mtu aweza kusema kwamba huko hakuna duka la vitu vya kuchezea vya watoto. Sisi twasema kuna mchanga, maji, jua, komwe na vifuu, na bei yake ni bure.

Tuanze na jua, kwa kuwa ndilo litutajirishalo zaidi. Chomeka uwanjani fimbo ya urefu wa dhiraa moja, umwachie mtoto aweke jiwe pale ncha ya kivuli ifikapo. Aweke jiwe asubuhi, adhuhuri na alasiri. Atakiona kivuli kikifupika, kisha kikirefuka upande wa pili, naye atakuuliza kwa nini. Mwonyeshe kuwa babu yake huijua Alasiri kwa kivuli hicho hicho: kikishafika urefu wa fimbo yenyewe, juu ya kile kilichobaki adhuhuri, wakati umeingia. Kiswere ina bahati nyingine pia. Makka iko kaskazini yake karibu sawasawa, hata mwenye kuelekea kibla huelekea kaskazini. Tangu mwisho wa Februari hadi katikati ya Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kibla, na kivuli huanguka nyuma ya mwenye kuswali. Kisha kuanzia Oktoba hadi Februari mambo hugeuka, kivuli kikaanguka mbele yake. Katika siku chache za mageuzi hayo jua hupita utosini, na fimbo hukaribia kukosa kivuli kabisa. Mtoto wa miaka mitano hawezi kufahamishwa mwendo wa dunia kulizunguka jua, wala asisumbuliwe nao. Yatosha aone kwamba kivuli kimehama, akumbuke, na atakapokutana na jambo hilo katika jiografia awe analijua kama jirani yake wa zamani. Jambo moja tu: atazame kivuli, asilikodolee macho jua lenyewe.

Maji nayo yana mafunzo yake. Bonge la udongo wa kufinyangia hutota. Lifinyange liwe kama bakuli, litaelea. Udongo ni ule ule, uzito ni ule ule. Mtoto aliyelifanya hilo kwa vidole vyake hatashangaa sana akiona meli ya chuma. Maji ya bahari yakiachwa juani katika kombe pana huacha chumvi, na ndiyo kazi ifanywayo katika mashamba ya chumvi ya pwani hii ya Kilwa na Lindi.

Ama hesabu yenyewe, tuna bao: mashimo 32 na kete 64. Mtoto mdogo haambiwi kanuni zake, kwani hata watu wazima huzigombania. Achimbe vishimo vinane mchangani, apewe komwe, atie moja moja katika kila kishimo. Hapo ndipo penye siri. Watoto wengi hutaja moja hadi ishirini kama kasuku, lakini ukimwambia mmojawao alete vijiko vinne huleta konzi nzima. Atiaye komwe moja katika shimo moja amekwisha kufahamu kwamba namba ni ya kitu, si wimbo. Ila tahadhari: komwe zisichezwe kwa kushindania pesa, hata senti, kwani kamari haina utoto. Na mtoto ambaye bado atia kila kitu kinywani asiachiwe komwe hata kidogo.

Kwa vipimo vya urefu, mikono yatosha. Shibiri mbili ni dhiraa moja, dhiraa nne ni pima moja. Mwache mtoto aupime mkeka kwa shibiri zake, kisha aupime baba kwa zake. Hesabu mbili hazitapatana, na ubishi utakaozuka hapo wafaa kuliko somo la saa nzima. Mtoto mwenyewe atagundua kwa nini watu walihitaji kipimo kimoja cha wote.

Neno moja kwa akina baba. Mara nyingi twaona mtoto wa kiume akiachwa acheze pwani, na dada yake wa umri ule ule akiitwa jikoni. Kama ni lazima aitwe, basi jiko nalo ni darasa: agawe mkate nusu, robo na thumuni, ambazo ndizo sehemu atakazozikuta kesho katika elimu ya mirathi. Na kwa akina mama twasema kwamba simu ya mkononi si yaya. Picha ya maji katika kioo cha simu hailowanishi mkono. Lakini pwani mtoto asiende peke yake. Mwezi uandamapo na unapokuwa mpevu ni bamvua, na maji huja kwa kasi.

Ramadhani iishapo, mpe mtoto kazi ya kupima zaka ya fitri ya nyumba. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, na kila mtu wa nyumba ana pishi yake. Aliyepima mchanga mwaka mzima ataupima mchele bila ya kumwaga. Muulize tu: katika nyumba yetu tuko wangapi, na tutahitaji vibaba vingapi? Kisha nyamaza, umwache ahesabu.