Joto la Mkimbiaji na Baridi ya Milima ya Kipengere

Msafiri atokaye Iringa kwenda Mbeya hupita Makambako, mahali ambapo barabara kuu hukutana na reli ya TAZARA baada ya reli hiyo kukwea kutoka bonde la Kilombero. Hapo msafiri amekwisha kufikia kimo cha mita 1,650 hivi juu ya usawa wa bahari. Akiiacha barabara kuu na kushika njia ya kusini kwa karibu kilomita 60, atafika Njombe, ambako kimo chakaribia mita 2,000. Upande wa magharibi, kuelekea Makete, ardhi huzidi kuinuka mpaka kwenye safu ya milima ya Kipengere na uwanda wa Kitulo, ambao tangu mwaka 2005 ni Hifadhi ya Taifa. Huko ndiko uliko mlima Mtorwi, wenye mita 2,961.

Watu wa nchi hii, Wabena na Wakinga, wamezipanda na kuzishuka njia hizo kwa miguu tangu zamani, wakiwa na mizigo kichwani, na hakuna aliyewapa nishani kwa kazi hiyo. Jambo jipya ni kwamba mwendo huo sasa umekuwa mchezo. Katika nchi nyingi hufanywa mashindano ya mbio za milimani zinazopita umbali wa marathoni, yaani zaidi ya kilomita 42, katika njia za mawe, matope na misitu. Mashindano yanayouzunguka mlima Mont Blanc, yaliyoanza mwaka 2003, huwa na kilomita zipatazo 170. Hapa kwetu Simon Mtuy aliupanda Kilimanjaro na kuushuka mwaka 2004 kwa muda wa saa 8 na dakika 27. Mwaka 2014 Karl Egloff wa Ekuado alitumia saa 6 na dakika 42. Wengine wetu, ambao hatushindani na mtu yeyote, hutosheka kwenda na marafiki siku ya Jumamosi, tukikimbia penye tambarare na kutembea penye mwinuko.

Nikiwauliza wanafunzi wangu ni hatari gani iliyo kubwa zaidi kwa mtu anayekimbia katika milima ya kusini, wengi hujibu: uhaba wa oksijeni. Jibu hilo lafaa kwa Kilimanjaro. Kwa Mtorwi halifai sana. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa kila mahali, pwani na kileleni; kinachopungua ni kani ya hewa yenyewe. Katika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kani hiyo ni kidogo chini ya nusu ya ile ya Dar es Salaam, na mtu anayepanda upesi aweza kuugua vibaya. Njombe mjini ni karibu asilimia 80, na kileleni Mtorwi karibu asilimia 70. Mgeni kutoka pwani atahema na mwendo wake utapungua, lakini ni nadra kwa kimo hicho peke yake kumuua mtu mwenye afya.

Kinachoweza kumuua ni baridi. Wala sisemi ile baridi kavu ya usiku wa Juni na Julai, wakati jalidi huonekana juu ya majani asubuhi, kwa kuwa hiyo kila mtu huijua na kuivalia sweta. Nasema juu ya mvua yenye upepo, mchana, katika miezi ambayo uwanda wa Kitulo umejaa maua na wapanda milima huvutiwa kwenda. Wakati huo kipimajoto chaweza kuonyesha nyuzi 8 au 10 za Sentigredi, joto ambalo halimtishi mtu yeyote. Ili kuelewa kwa nini linatisha, hebu tuanze na hesabu.

Mtu anapokimbia tambarare hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita. Basi mkimbiaji wa kilo 60, akienda kilomita 8 kwa saa, hutumia kilokalori 480 kwa saa. Tukiigeuza hesabu hiyo kuwa wati, tunapata karibu wati 560, na karibu zote huishia kuwa joto. Akipanda mlima, sehemu fulani ya nishati huenda katika kuuinua mwili: kuinua kilo 60 kwa mita 1,000 ni kazi ya jouli 588,000, yaani kilokalori 140. Lakini misuli ni mashine yenye ubadhirifu. Ili kutoa kazi ya kilokalori 140 hula kilokalori zipatazo 560, na zile 420 zinazosalia huwa joto. Ndiyo maana mtu apandaye mlima hutokwa jasho hata penye ukungu.

Mkimbiaji, basi, ni tanuri linalotembea. Maadamu linawaka, fulana moja yatosha hata katika nyuzi 8. Sasa mtu yule yule achoke, atembee kilomita 3 kwa saa: joto lake hushuka mpaka karibu wati 200. Asimame kumngoja mwenzake: hushuka mpaka karibu wati 70, pungufu ya taa ya umeme ya wati 100. Hali ya hewa haikubadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni yeye.

Je, kuni za tanuri hilo ni zipi? Ni wanga na mafuta. Wanga huwekwa katika misuli na ini kwa umbo la glaikojeni, na akiba yote haizidi sana kilokalori 2,000. Mafuta ni mengi. Hata mtu mwembamba anayo akiba ya zaidi ya kilokalori 40,000. Lakini mafuta huwaka polepole. Safari ya kutoka Makambako hadi Njombe kwa mbio ingemgharimu mkimbiaji wetu kilokalori 3,600 bila kuhesabu vilima, na hivyo asipokula njiani glaikojeni yake yaweza kwisha kabla hajafika, na mwendo wake utapungua apende asipende. Tena sukari ikipungua sana katika damu, mwili hushindwa hata kutetemeka ipasavyo. Viazi viwili vya kuchemsha vyenye chumvi, ndizi, karanga na kipande cha sukari guru, vikiliwa kidogo kidogo tangu saa ya kwanza, vina faida kuliko sahani kubwa ya ugali inayomngoja mtu mwisho wa safari.

Tuje sasa kwenye maji. Nguo hutia joto kwa sababu hushika hewa iliyotulia kati ya nyuzi zake, na hewa iliyotulia haipitishi joto vizuri. Nguo ikilowa, maji huchukua mahali pa hewa, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Kisha maji hayo huanza kugeuka mvuke. Kila gramu ya maji inayokauka huhitaji kalori 580 hivi. Ikiwa fulana na suruali zimebeba nusu lita ya mvua na jasho, kuzikausha huhitaji kilokalori 290, na sehemu kubwa hutoka katika mwili wa aliyezivaa. Hiyo ni sawa na kukimbia karibu kilomita 5, bila kusogea hata hatua moja. Upepo nao huharakisha kazi yote, kwani huuondoa utando mwembamba wa hewa yenye joto unaoizunguka ngozi. Pamba ndiyo mbaya kuliko zote, maana hunywa maji mengi na kuyashikilia. Sufu, hata ikilowa, husaidia kiasi.

Haya si mambo ya kubuni ubaoni. Tarehe 22 Mei 2021, katika jimbo la Gansu nchini China, wakimbiaji 172 walianza mbio za kilomita 100 milimani. Adhuhuri mvua ya mawe na upepo mkali viliwapata katika sehemu ya juu ya njia, wengi wakiwa na kaptura na fulana nyepesi. Makoti ya kuzuia upepo hayakuwa ya lazima. Watu 21 walikufa kwa kupoa mwili. Walikuwa katika kimo kisichofika mita 2,500, yaani chini kuliko uwanda wa Kitulo. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo Liang Jing, mmoja wa wakimbiaji hodari kabisa wa mbio ndefu nchini humo. Naomba msomaji alifikiri jambo hili: waliokufa hawakuwa wazembe wa mazoezi. Mkimbiaji hodari hana mafuta mengi chini ya ngozi, huvaa nguo chache ili awe mwepesi, na huwa wa kwanza kufika juu, penye upepo. Wakimbiaji sita waliokolewa na mchungaji mmoja aliyekuwa amejisitiri na mvua pangoni. Aliwaingiza humo, akawasha moto, akawafunika. Hakuwa na chombo chochote cha kitaalamu.

Joto la ndani ya mwili ni nyuzi 37 hivi. Likianza kushuka, mishipa ya damu ya ngozi husinyaa ili damu yenye joto ibaki kifuani na kichwani. Vidole hufa ganzi, hata kufunga kifungo cha koti huwa kazi ngumu. Kisha mwili hutetemeka, na kutetemeka ni kazi ya misuli ambayo lengo lake ni joto tu. Likishuka chini ya nyuzi 35, ubongo wenyewe huguswa. Mtu hujikwaa, hutafuna maneno, hukasirika bila sababu, au hunyamaza. Karibu na nyuzi 32 kutetemeka huanza kukoma, na hapo mgonjwa hudhani amepata nafuu. Wengine, katika hatua za mwisho, huvua nguo wakisema wanasikia joto.

Hapa ndipo penye kiini cha suala lote. Kiungo ambacho kingetambua hatari ndicho kinachoharibika mapema. Mwenye njaa hujua ana njaa, na aliyeteguka mguu huchechemea, lakini aliyepoa aghalabu husema, “Mimi sijambo, twendeni.” Kwa hiyo kipimajoto cha kutegemewa mlimani ni rafiki. Lakini si rafiki aliyetangulia kilomita mbili mbele. Nimeona makundi mengi yakiondoka pamoja na kurejea vipande vipande: wenye nguvu husimama mgongoni mwa mlima kuwangoja wenzao, wamelowa jasho, wati 70 kila mmoja, naye aliye dhaifu huja nyuma peke yake, amechoka, hana wa kumtazama usoni. Pande zote mbili zinapoa. Afadhali aliye mwepesi arudi nyuma kumfuata mwenzake, maana kwa kurudi hupata joto na pia hupata habari. Kama ni lazima kungoja, kungojwe upande usio na upepo, na koti livaliwe wakati wa kusimama, si baada ya kuanza kutetemeka. Mtu wa pili amwulize wa kwanza maswali ya kawaida: shuleni kwenu mko walimu wangapi, arobaini na tatu ukitoa kumi na saba ni ngapi. Ulimi mzito ni jibu tosha.

Mtu akikutwa katika hali hiyo, mtoeni kwenye upepo, mvueni nguo zilizolowa, mvikeni kavu, kofia ikiwamo, kisha mfunikeni kwa blanketi na turubai, mkimweka kitu chini ili ardhi isimnyonye joto. Mwenzake mwenye joto alale karibu naye. Kama anaweza kumeza vizuri, apewe chai yenye sukari nyingi. Asisuguliwe mikono na miguu wala asilazimishwe kukimbia. Anayeacha kutetemeka huku akili ikipotea apelekwe hospitali kwa uangalifu mkubwa, akiwa amelala, kwa kuwa moyo uliopoa hushtuka upesi.

Neno moja juu ya ulanzi, maana najua litaulizwa. Msimu wa ulanzi ndio huo huo wa mvua, na wapo wanaoamini kwamba kibuyu kimoja hutia joto. Pombe huipanua mishipa ya ngozi. Damu yenye joto huja juu, nayo ngozi, ambayo ndiyo inayohisi, huripoti joto. Kwa kweli joto hilo linatoka ndani kwenda kwa upepo.

Mwalimu wa fizikia aweza kuyaonyesha haya kwa makopo manne ya maziwa yenye ukubwa mmoja. Ajaze yote maji ya nyuzi 60 na kuyafunika kwa vifuniko vyenye tundu la kipimajoto. La kwanza liachwe wazi. La pili livikwe kitambaa kikavu cha sufu. La tatu livikwe kitambaa kama hicho kilicholoweshwa kwa maji ya vuguvugu na kukamuliwa. La nne kama la tatu, lakini lizungushiwe karatasi ya nailoni juu yake. Wanafunzi wasome joto kila baada ya dakika mbili kwa muda wa dakika 20, wachore grafu nne katika karatasi moja, na waeleze ni kwa nini kopo la nne halipoi upesi kama la tatu ilhali kitambaa chake kimelowa vile vile. Upepo wahitajika. Mahali pengine mwalimu atatafuta feni. Kwa shule za Njombe, mwezi wa Julai, dirisha moja likifunguliwa latosha.