Nishati ya Upepo (2): Kilima Kilichofupishwa na Ramani

Wiki iliyopita tuliona jinsi mtambo unavyogeuza upepo kuwa umeme. Leo tutazame ardhi, maana mtambo mzuri uliosimikwa mahali pabaya ni hasara tupu.

Mwaka 1982 wanasayansi Kinuthia na Asnani walichapisha utafiti kuhusu mkondo wa upepo mkali unaovuma kaskazini mwa Kenya. Chanzo chake ni umbo la nchi. Upepo utokao Bahari ya Hindi hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, ukaongeza kasi kama maji ya mfereji uliosongwa. Mitambo 365 ya Loiyangalani, yenye uwezo wa megawati 310, imesimama katika njia hiyo.

Lango kubwa namna hiyo huonekana hata kwenye ramani ya shule. Kazi ngumu ni kuchagua ukingo upi wa kilima kipi. Nguvu ya upepo hufuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu: kasi ikipanda kwa asilimia 10, nguvu hupanda kwa takriban asilimia 33. Na upepo unaokwea kilima cha mteremko wa wastani huenda kasi zaidi kileleni. Kwa hiyo ukikosea kidogo umbo la kilima, umekosea sana hesabu ya umeme, na mkopeshaji hatakuonea haya.

Wapangaji wengi wa miradi ya upepo wa kwetu huanza na vipimo vya chombo cha anga za juu Endeavour, kilichopima ardhi kwa rada kwa siku 11 mnamo Februari 2000. Ni vya bure, na tangu 2014 tunapata vile vya mraba wa takriban mita 30. Lakini kila mraba una kimo kimoja tu. Ukingo mwembamba huchanganywa na miteremko yake, na kilima hutoka kwenye ramani kikiwa kifupi kuliko kilivyo. Pia rada haikufika chini ya msitu mnene. Kwenye mawe matupu ya Loiyangalani hilo halisumbui. Mufindi, Tanzania, penye mashamba ya misonobari, ramani inaweza kuhesabu miti kuwa ardhi, hata kama miti hiyo ilishavunwa zamani.

Kuna njia bora zaidi: Uholanzi, nchi isiyo na mlima wa kutajwa, imepimwa yote kwa leza kutoka kwenye ndege, na data zake ziko wazi kwa kila mtu. Waholanzi walipima kwa kuogopa mafuriko, lakini wapangaji wa upepo wanaweza kufaidika vilevile. Sisi wenye Bonde la Ufa ndio tunaohitaji data kama hizo zaidi.

Hata data nzuri ina mpaka. Programu za kawaida za kukadiria upepo huanza kupotoka mteremko unapozidi takriban asilimia 30, kwa sababu hewa huachana na ardhi na kuzua misukosuko inayochosha mapanga ya mtambo. Hapo ramani inatufaa kwa njia nyingine: inatuonyesha mahali pa kutoiamini kompyuta.

Ombi langu kwa idara za ramani na wizara za nishati ni hili: pimeni kwa leza maeneo yenye matumaini, kisha mzitoe data hadharani kabla ya mikataba kusainiwa. Wiki ijayo: mlingoti wa kupimia upepo, na kwa nini lazima usimame angalau mwaka mzima.