Farasi wa Majani wa Huanchaco

Peru ni nchi iliyoko Amerika ya Kusini. Upande wake wa magharibi kuna bahari kubwa iitwayo Pasifiki. Kaskazini mwa nchi hiyo, karibu na mji wa Trujillo, upo mji mdogo wa wavuvi. Jina lake ni Huanchaco. Tamka: Wanchako.

Mawimbi ya Huanchaco ni marefu na yana nguvu. Huanza kuvunjika mbali, kabla ya kufika ufukoni. Bahari ya namna hiyo humsumbua mvuvi mwenye chombo kidogo. Atatokaje? Na akiisha kuvua, atarudije bila kupinduliwa na kupoteza samaki wake? Wenyeji wa Huanchaco walipata jibu zamani sana. Jibu lenyewe ni chombo cha majani.

CHOMBO KINAVYOTENGENEZWA

Majani hayo huitwa totora. Ni ya jamii ya mafunjo. Ni marefu kuliko mtu, na ndani yake mna hewa nyingi. Ndiyo sababu huelea.

Wavuvi huchimba mashimo mapana mchangani, karibu na bahari, mpaka wafikie maji. Humo hupanda totora, kama mkulima apandavyo mpunga bondeni. Majani yakikomaa hukatwa, kisha huanikwa juani kwa muda wa wiki mbili au tatu.

Yakikauka, mvuvi hufunga miganda minne. Miwili ni mikubwa, nayo huitwa mama. Miwili ni midogo, nayo huitwa watoto. Kila mtoto hufungwa pamoja na mama yake. Halafu pande hizo mbili huunganishwa kwa kamba na kukazwa sana. Mbele chombo huchongoka na kupinda juu. Nyuma ni kipana, na pana nafasi ya kuweka nyavu na samaki. Urefu wake ni kama mita 4 au 5. Kafi lake ni mwanzi uliopasuliwa.

Wahispania walipofika Peru, hawakuwa wamezoea vyombo vya namna hii. Waliona mvuvi amekaa juu ya chombo chake, miguu huku na huku, kama mtu aliyepanda mnyama. Basi chombo hicho kikaitwa kwa Kihispania "caballito de totora", maana yake farasi mdogo wa totora. Jina hilo limebaki mpaka leo.

Farasi huyu hana maisha marefu. Totora hunywa maji na kuwa nzito. Kwa hiyo mvuvi akirudi hukisimamisha chombo chake ufukoni, ncha juu, ili maji yatoke na majani yakauke. Hata hivyo, baada ya mwezi mmoja au miwili ya kazi chombo huchoka. Mvuvi hufunga kingine. Kumbuka jambo hili, kwa maana tutalirudia: asiye na totora hana chombo.

KUTOKA NA KURUDI

Wakati wa kutoka, mvuvi husimama kwanza akaitazama bahari. Mawimbi makubwa huja kwa makundi, kisha hutulia kidogo. Akiona yametulia, huingia majini na kupiga kafi kwa haraka. Ncha iliyopinda husaidia chombo kupanda juu ya wimbi badala ya kutoboa ndani yake.

Wakati wa kurudi hashindani na wimbi. Hulingoja. Likimkaribia kwa nyuma hupiga kafi kwa nguvu, ili mwendo wake ulingane na mwendo wa wimbi. Hapo wimbi humbeba mpaka ufukoni pamoja na samaki wake. Kafi humsaidia kushika njia, chombo kisigeuke ubavu. Kikigeuka ubavu, kitapinduka.

Kuteleza huko juu ya wimbi leo ni mchezo unaopendwa katika nchi nyingi. Kwa mvuvi wa Huanchaco ilikuwa kwanza njia ya kurudi nyumbani.

HISTORIA YAKE

Watu wa kale walioitwa Wamoche waliishi sehemu hizi zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Walikuwa hodari wa kufinyanga vyungu. Katika vyungu vyao tunaona picha za watu waliopanda vyombo vya majani. Baada yao walikuja Wachimu. Mji wao mkuu, Chan Chan, ulijengwa kwa udongo karibu na Huanchaco. Magofu yake yapo hata leo, na kwenye kuta zake kuna nakshi za samaki na ndege wa baharini.

Padri mmoja wa Kihispania, José de Acosta, aliandika habari za wavuvi wa Peru waendao baharini juu ya miganda ya majani. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1590.

Je, mchezo wa mawimbi ulianza Peru? Watu hubishana. Felipe Pomar wa Peru, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1965, husema ulianza kwao. Wengine husema ulianza katika visiwa vya Pasifiki kama Hawaii, ambako watu walisimama juu ya mbao na kuteleza kwa kujifurahisha. Mbao za mchezo zinazotumika leo zilitoka Hawaii. Lakini hakuna anayekana kwamba wavuvi wa Peru wamepanda mawimbi tangu kale.

Mwaka 2003 serikali ya Peru ilitangaza kwamba chombo hiki ni urithi wa taifa. Mwaka 2013 Huanchaco iliwekwa katika orodha ya mahali pa mawimbi panapostahili kulindwa duniani. Siku hizi wageni huja kucheza. Baadhi ya wavuvi hupata fedha kwa kuwapandisha wageni juu ya farasi wao.

HATARI ILIYOPO

Kusini mwa Huanchaco kuna bandari iitwayo Salaverry. Pwani hiyo, mawimbi husukuma mchanga kutoka kusini kwenda kaskazini. Mchanga mmoja ukiondoka, mwingine huja mahali pake. Bandarini palijengwa ukuta ili mchanga usizibe njia ya meli. Ukuta ulifanya kazi yake, mchanga ukazuiwa. Lakini fuko zilizo kaskazini zilikosa mchanga wa kujazia. Bahari ikaanza kula nchi kavu.

Kumbuka kwamba mashimo ya totora yamechimbwa karibu na maji. Bahari ikisogea, maji ya chumvi huingia na mashimo hufukiwa. Mashimo mengi yamepotea hivyo. Pia vijana wengi huchagua kazi nyingine, kwa kuwa uvuvi huu ni mgumu na pato lake ni dogo.

Mwaka 2000 Peru ilitunga sheria ya kulinda mawimbi yafaayo kwa mchezo. Hilo ni jambo jema. Lakini wimbi peke yake halitengenezi chombo. Bila totora, na bila kijana wa kufundishwa kuifunga, farasi wa Huanchaco atabaki katika picha za vyungu tu.

Bandari inahitajika, kwa kuwa mizigo hupita hapo. Mvuvi naye anahitaji ufuko. Kazi ngumu ni kupata njia ambayo faida ya mmoja haitakuwa hasara ya mwingine. Kwa hiyo kabla ya kujenga kitu pwani, ni vizuri kuwauliza wanaoijua bahari hiyo kila siku.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini totora huelea?
2. Kwa nini mvuvi hukisimamisha chombo chake ufukoni?
3. Eleza jinsi ukuta wa Salaverry ulivyodhuru mashimo ya Huanchaco.
4. Ni ufundi gani wa wazee katika kijiji chako unaotegemea mti au majani fulani? Je, mti huo au majani hayo bado yanapatikana? Nani anafundishwa ufundi huo sasa?